Mali bila Daftari: Tahadhari ya Kidiplomasia katika Usimamizi wa Fedha za Pamoja na China, na Funzo Lake kwa Palma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mataifa yaliyofanya makubaliano ya fedha na serikali mpya za China yalivyojadili suala la nani azisimamie fedha hizo. Mifano miwili inalinganishwa: mifuko iliyotokana na fidia ya Boxer baada ya serikali ya Nanjing kushika madaraka mwaka 1928, na mkopo wa Reli ya Uhuru uliojadiliwa na Tanzania, Zambia na China kati ya 1965 na 1970. Makala yanaonesha kwamba tahadhari iliyozaa matunda ilielekezwa zaidi kwenye kanuni za uendeshaji kuliko kwenye kiasi cha fedha. Kanuni hizo zilihusu mshika hesabu, ujazaji wa nafasi zilizoachwa wazi, na njia ambayo fedha zilipita kabla ya kumfikia mlipwaji. Mwishoni hoja hiyo inapimwa kwa hali ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, ambako kampuni ya taifa ya China ni mbia katika gesi ya Bonde la Ruvuma.

1. Utangulizi

Katika mapatano ya mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar uanzie mdomo wa mto Minengani, katika Ghuba ya Tungi, na uishie Kipini. Sultani Barghash aliletewa mapatano hayo yakiwa yameshaandikwa, naye akayaridhia Desemba mwaka huohuo. Haukupita muda mrefu. Februari 1887 manowari za Ureno ziliishambulia Tungi kwa mizinga na kuitwaa ghuba. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, kaskazini kidogo ya hapo. Wareno waliikamata mwaka 1916, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikathibitishwa kuwa sehemu ya Msumbiji. Palma ya leo imekulia kando ya ghuba hiyo, na wakazi wa wilaya yake huzungumza Kimwani, Kimakonde, Kiswahili na Kimakhuwa.

Historia hiyo fupi inatajwa hapa kwa sababu moja. Mara kadhaa hatima ya Tungi iliamuliwa katika vikao ambavyo watu wake hawakuitwa, na kwa hati ambazo hawakuzisoma. Wahenga wa pwani wamesema asiyekuwepo na lake halipo. Tangu gesi asilia igunduliwe chini ya bahari ya Ruvuma mwanzoni mwa muongo wa 2010, Palma imekuwa tena mahali ambapo mikataba ya mbali inatua. Safari hii mmoja wa wabia ni China, kupitia Shirika la Taifa la Petroli la nchi hiyo, CNPC.

Mjadala kuhusu China katika Afrika Mashariki umezoea kuuliza mambo mawili: mkopo ni mkubwa kiasi gani, na masharti yake ni mepesi au mazito. Makala haya yanauliza swali la tatu, ambalo halijapewa uzito unaostahili: baada ya kiasi kukubaliwa, nani anashika daftari? Msemo wa wafanyabiashara wetu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari unabeba hoja nzima. Ili kuipima, tunaanza China kwenyewe, katika kipindi ambacho nchi hiyo ndiyo iliyokuwa ikidai nafasi katika usimamizi wa fedha zake.

2. Nanjing, 1928–1931: serikali mpya na mifuko ya zamani

Itifaki ya Septemba 1901, iliyohitimisha vita vya Boxer, iliitoza China taeli milioni 450 za fedha kwa riba ya asilimia 4, zilipwe kwa miaka 39. Rehani yake ilikuwa mapato ya forodha na ya chumvi. Forodha yenyewe wakati huo ilikuwa chini ya Mkaguzi Mkuu Mwingereza, Robert Hart. Kwa maneno mengine, China ilikuwa dola yenye mfalme, mawaziri na jeshi, lakini ufunguo wa kasha lake kubwa ulikuwa mikononi mwa mgeni.

Baadhi ya mataifa yaliyodai yalianza kurejesha mafungu yao, kila moja kwa masharti yake. Marekani ilianza mwaka 1908, na fedha hizo zikawasomesha vijana wa Kichina ng'ambo na kuianzisha shule ya Tsinghua mwaka 1911. Mwaka 1924 Bunge la Marekani liliamua kurejesha salio, na mwaka huohuo ukaundwa Mfuko wa China wa Kukuza Elimu na Utamaduni. Bodi yake ilikuwa na Wachina 10 na Wamarekani 5. Kanuni iliyobeba uzito kuliko idadi hiyo ni ile iliyoruhusu bodi yenyewe kumchagua mrithi kila nafasi ilipoachwa wazi. Serikali za Beijing za miaka hiyo zilianguka na kusimama kwa kasi, na waasisi wa mfuko hawakutaka kila waziri mpya aje na wadhamini wake.

Kanuni hiyo ilijaribiwa mwaka 1928. Serikali ya Kuomintang, iliyoundwa Nanjing mwaka uliotangulia, iliingia Beijing mwezi Juni. Ilikuwa serikali changa yenye haki ya kutaka ukuu wa nchi uheshimiwe, nayo ikaamuru bodi ipangwe upya kwa uteuzi wake. Kukataa kungeonekana kuwa dharau kwa dola mpya, na kukubali kungeufanya mfuko kuwa mali ya chama kilichoshinda vita. Suluhu ilipatikana Hangzhou, Januari 1929. Wajumbe kadhaa wa Kichina, akiwemo mwanazuoni Hu Shi, walijiuzulu, na bodi ikawachagua badala yao watu waliokubalika kwa serikali. Nanjing ilipata watu iliowataka, nayo bodi ikabaki na kanuni yake. Heshima ya kila upande ilihifadhiwa bila kipengele kimoja cha katiba ya mfuko kubadilishwa kwa amri.

Waingereza walikwenda polepole zaidi. Bunge lao lilipitisha sheria ya fedha hizo mwaka 1925, na mwaka 1926 ujumbe wa Lord Willingdon ukazunguka China kukusanya maoni. Hata hivyo, hati za makubaliano na Nanjing hazikubadilishwa hadi Septemba 1930, na sheria ya utekelezaji ikapita mwaka 1931. Mpango uliotokea ni wa kuvutia kwa mwanahistoria wa Afrika Mashariki. Bodi ya wadhamini yenye Wachina na Waingereza ilikaa China. Sehemu kubwa ya fedha ilikopeshwa kwa reli na miradi mingine ya uzalishaji. Vifaa vya miradi vilinunuliwa Uingereza kupitia tume maalumu ya ununuzi ya London, na riba ya mikopo ikaenda kwenye elimu. Kwa hiyo fedha zilizohesabiwa kuwa za China zilivuka bahari zikiwa injini, mataruma ya chuma na madaraja yaliyotengenezwa viwandani mwa Uingereza.

Tahadhari hiyo ilikuwa na gharama. Kati ya sheria ya 1925 na hati za 1930 ilipita miaka mitano ambayo shule zilizotarajia fedha zilingoja. Aidha, kanuni iliyoulinda mfuko wa Kimarekani dhidi ya Nanjing ndiyo iliyouweka mbali na serikali iliyofuata: baada ya 1949 mfuko huo haukubaki Beijing, na hatimaye makao yake yakawa Taipei. Serikali ya Mao Zedong ilizaliwa ikiwa na kumbukumbu hai ya forodha iliyoendeshwa na wageni na ya mifuko ambayo sahihi yake haikutosha kuifungua. Kumbukumbu hiyo inasaidia kuelewa lugha ambayo wajumbe wake walikuja nayo Afrika.

3. Beijing, Dar es Salaam na Lusaka, 1965–1970

Kanuni nane za misaada ambazo Waziri Mkuu Zhou Enlai alizitangaza katika ziara yake ya Afrika, Januari 1964, zinasomeka kama jibu kwa karne iliyotangulia. Zilisema msaada usiambatane na masharti wala upendeleo maalumu, mikopo iwe bila riba au kwa riba nafuu, na wataalamu waishi kwa kiwango kilekile cha wataalamu wa nchi wenyeji. Zhou hakufika Tanganyika katika ziara hiyo kwa sababu ya maasi ya wanajeshi ya mwezi huohuo. Alifika Dar es Salaam Juni 1965.

Miezi minne kabla, Februari 1965, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwenda Beijing. Suala la reli ya kuiunganisha Zambia na bahari kupitia Tanzania lilikuwa limeshatajwa kwa mataifa ya Magharibi, na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1964 haikuliunga mkono. China ilikubali kulitazama, na Agosti 1965 wapimaji wake wakawasili Tanzania. Novemba 11 mwaka huo walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru. Reli iliyoonekana kuwa anasa kwa wahasibu wa Washington ikawa suala la pumzi kwa Zambia, ambayo shaba yake ilipita kusini.

Ni rahisi kuuona mwaka 1965 kama wakati ambapo Tanzania ilikimbilia mashariki. Mfuatano wa matukio unaonesha kitu tofauti. Mwezi Januari Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani. Baadaye Ujerumani Magharibi ilipobana misaada kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki, Nyerere aliirudisha misaada iliyosalia badala ya kuiacha itumike kama hatamu. Mwezi Desemba ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia. Nchi iliyokuwa imejifunza ndani ya mwaka mmoja kwamba kila fungu la msaada lina kamba haikuwa na sababu ya kudhani kwamba fungu la China halina. Ilichofanya ni kukaa mezani miaka mitano.

Zambia ilikuwa na hadhari zaidi. Rais Kenneth Kaunda aliendelea kutafuta wafadhili wa Magharibi hata baada ya China kujitolea, na upembuzi uliofanywa na kampuni ya Maxwell Stamp, uliotolewa mwaka 1966, ukaona kwamba reli ingeweza kujilipa. Wafadhili hawakujitokeza hata hivyo. Kaunda alikwenda Beijing Juni 1967, na Septemba 5 mwaka huo serikali tatu zikatia saini makubaliano ya msingi. Wakati huohuo, nchi hizo mbili hazikuweka mayai yao yote katika kapu moja: bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968, lilijengwa na Snamprogetti, kampuni ya kundi la Eni la Italia. Jina la Eni litarudi tutakapofika Palma.

Mkataba wa 1967 haukutaja kila kitu, na jambo hilo halikuwa uzembe. Serikali zilikubaliana kwanza juu ya nia, kisha upimaji ukafanyika, na itifaki moja baada ya nyingine ikajadiliwa mjini Lusaka, Dar es Salaam na Beijing: upana wa njia ya reli, mafunzo, hadhi ya wataalamu, na fedha. Upana uliochaguliwa ulikuwa milimita 1,067, unaolingana na reli za Zambia na za kusini, badala ya mita moja ya reli za Afrika Mashariki. Kiasi cha mkopo kiliwekwa katika itifaki ya Julai 1970: takriban yuan milioni 988, bila riba, ulipwe kwa miaka 30 baada ya muda wa neema. Kwa hiyo jumla ya fedha ilikuwa miongoni mwa mambo ya mwisho kuandikwa. Uzinduzi wa ujenzi ulifuata Oktoba 26, 1970.

Kuhusu umiliki, kanuni ilikuwa nusu kwa nusu. Reli ina urefu wa kilomita 1,860. Kilomita 975 ziko Tanzania na 885 Zambia. Nchi hizo zingeweza kugawana deni kwa urefu wa njia au kwa wingi wa mizigo. Zilichagua usawa kamili, na Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia ikawa na Baraza la Mawaziri na Bodi ya Wakurugenzi za pande mbili. China, iliyotoa fedha zote za kigeni, haikuwa mwanahisa. Wataalamu wake waliongoza ujenzi, lakini baada ya reli kukabidhiwa rasmi Julai 14, 1976, nafasi yao kisheria ilikuwa ya washauri. Hapa ndipo tofauti na Nanjing inapoonekana wazi: mtoaji wa fedha hakujiandikia viti katika bodi.

4. Gharama za ndani na njia ya dukani

Sehemu ya mkopo iliyohitaji tahadhari kuu haikuwa injini wala mataruma. Vitu hivyo vilitoka China, na hesabu yake ilifanyika kati ya serikali na serikali. Ugumu ulikuwa katika gharama za ndani: mishahara ya maelfu ya vibarua wa Kitanzania na Kizambia, chakula, saruji, mbao na usafiri, vyote vikilipwa kwa shilingi na kwacha. China haikuwa na shilingi wala kwacha, na haikuwa na akiba kubwa ya fedha za kigeni ya kuzinunulia.

Suluhu ilikuwa mkopo wa bidhaa. China ilileta nguo, vyombo, zana na vitu vingine vya matumizi. Mashirika ya umma yalivinunua na kuviuza, na mapato ya mauzo yakatumika kulipia gharama za ndani za ujenzi. Kwa upande wa Tanzania kazi hiyo iliangukia Shirika la Biashara la Taifa, lililoundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Msomaji aliyefuata sehemu ya pili ya makala haya ataitambua njia hiyo. Mwaka 1930 China ilipokea fedha zake katika umbo la vifaa vya Uingereza. Mwaka 1970 Tanzania na Zambia zilipokea mkopo wao, kwa sehemu, katika umbo la bidhaa za China. Zana ya kidiplomasia ilikuwa ileile, ingawa aliyeishika alikuwa amebadilika.

Kwa usimamizi, mpango huu ulikuwa na faida ambayo haitajwi mara nyingi. Kila shilingi iliyomlipa kibarua wa Mlimba au Makambako ilikuwa imepita kwanza katika vitabu vya shirika la umma la Tanzania. Wachina walisimamia kazi, lakini mkondo wa fedha za ndani ulianzia katika hesabu za wenyeji. Hakukuwa na akaunti ya siri ambayo upande mmoja ungeweza kuijaza bila mwingine kujua, kwa sababu chanzo chake kilikuwa rafu za maduka.

Udhaifu wake ulikuwa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Kasi ya ujenzi ilifungamanishwa na kasi ya mauzo. Ili fedha za ndani zipatikane, wananchi walipaswa kununua bidhaa walizoletewa, na biashara ya nje ya nchi mbili ikalazimika kutoa nafasi kwa bidhaa hizo hata pale ambapo wateja walitaka nyingine. Gharama ya mkopo usio na riba ililipwa kwa sehemu na mnunuzi wa kawaida kupitia uchaguzi uliopungua dukani. Kumhesabu mnunuzi huyo ni sehemu ya kuuelewa mkopo.

Kulikuwa na njia nyingine ya China iliyopita mikononi mwa Tanzania miaka hiyohiyo, nayo inatukaribisha Palma. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, ikiwa na mfuko maalumu uliochangiwa na nchi wanachama. FRELIMO, iliyoundwa mjini humo Juni 1962, ilipata silaha na mafunzo kutoka China, na wakufunzi wa Kichina walifanya kazi Nachingwea. Msimamo wa Tanzania ulikuwa kwamba misaada ya kivita ya vyama vya ukombozi ipite kwa ujuzi na usimamizi wa mwenyeji. Vita vilianza Septemba 25, 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Kwa hiyo kilichovuka Ruvuma kilikuwa kimekwishaorodheshwa upande wa kaskazini wa mto. Tabia ilikuwa ileile ya reli: rafiki akaribishwe, na mzigo wake uandikwe mlangoni.

5. Mipaka ya tahadhari

Itakuwa kosa kuyageuza haya kuwa hadithi ya ushindi. Usawa wa nusu kwa nusu ulilinda heshima ya kila nchi wakati wa kujadiliana, lakini ulizaa ugumu wakati wa kuendesha. Uamuzi ulihitaji ridhaa ya serikali mbili zenye bajeti, vyama vya wafanyakazi na vipaumbele tofauti. Mtaji wa kufanya matengenezo ulipokosekana, kila upande ulikuwa na sababu ya kungoja mwenzake atangulie. China iliendelea kuitwa mara kwa mara kupitia itifaki za ushirikiano wa kiufundi. Septemba 2024 mjini Beijing, mbele ya marais wa nchi tatu, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo, safari hii kwa mwelekeo wa kukabidhi uendeshaji kwa kampuni ya Kichina.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa hoja yetu. Waasisi waliandika vizuri kanuni za kupokea fedha na za kumiliki mali. Hawakuandika kwa uzito uleule kanuni ya kuitunza mali: fungu la matengenezo lisiloguswa, na utaratibu wa kuvunja mkwamo wabia wawili sawa wanaposhindwa kukubaliana. Daftari la mapokezi lilikuwa kamili. Daftari la uchakavu lilibaki na kurasa tupu.

6. Palma: fedha zilizotangulia daftari

Machi 2013 CNPC ilikubali kununua asilimia 28.57 ya hisa za kampuni ya Eni East Africa kwa dola bilioni 4.21. Hisa hizo ziliipa asilimia 20 ya Eneo la 4 la Bonde la Ruvuma, katika bahari iliyo mbele ya Palma. Shirika la umma la Msumbiji, ENH, lina asilimia 10 ya eneo hilo. Serikali ya Maputo ilijadiliana na Eni kuhusu kodi ya faida iliyotokana na mauzo hayo, na Agosti 2013 wakakubaliana dola milioni 400, pamoja na ahadi ya kujenga kituo cha umeme cha megawati 75 huko Cabo Delgado.

Ukilitazama kama jambo la majadiliano, tokeo hilo lilikuwa zuri: nchi maskini ilidai kodi kwa muamala uliofanyika kati ya kampuni mbili za kigeni, na ikalipwa. Ukilitazama kama jambo la usimamizi, kulikuwa na pengo. Fedha ziliingia katika hazina ya serikali kuu kabla ya kuwepo sheria ya mfuko wa gesi, kabla ya kuwepo kamati ya kuukagua, na bila utaratibu ambao mkazi wa Palma angeweza kuutumia kuuliza. Mwaka huohuo, na uliofuata, kampuni tatu zilizohusiana na vyombo vya usalama zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo Bunge halikuijua. Ilipofichuka mwaka 2016, wahisani walisitisha misaada ya bajeti. Mikopo hiyo haikutoka China, na hilo lenyewe ni funzo: pengo la daftari halichagui utaifa wa mkopeshaji.

Sheria ya Mfuko Mkuu wa Taifa ilipitishwa na Bunge Desemba 2023, miaka kumi baada ya kodi ile, na mwaka mmoja baada ya shehena ya kwanza ya gesi ya Coral Sul kuondoka Novemba 2022. Inaagiza kwamba katika miaka 15 ya mwanzo asilimia 40 ya mapato iwekwe katika mfuko na asilimia 60 iende kwenye bajeti. Benki ya Msumbiji ndiyo mwendeshaji, na kamati ya usimamizi inawajibika kwa Bunge. Huu ni uandishi wa daftari, nao unastahili kupongezwa. Lakini unaanza pale fedha zinapoingia. Kabla ya hapo kuna hesabu nyingine, ya gharama ambazo wabia wa Eneo la 4 wanaruhusiwa kujirudishia kabla ya serikali kupata gawio lake. Hapo CNPC, Eni na ExxonMobil wanakaa upande mmoja wa meza, na wakaguzi wa Msumbiji upande mwingine. Mbia ambaye ni kampuni ya dola anahitaji mkaguzi mwenye uzito wa kidola, vinginevyo swali la kihasibu hugeuzwa kuwa suala la urafiki wa mataifa na kufungwa kwa adabu.

Wakati huohuo Palma imelipa gharama ambazo hazimo katika hesabu yoyote kati ya hizo. Familia za rasi ya Afungi zilihamishiwa Quitunda kupisha mitambo, na wavuvi wakatenganishwa na ufuo wao. Uasi ulioanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 uliufikia mji wa Palma Machi 24, 2021, ukaua na kutawanya watu. Sheria za Msumbiji zimetenga asilimia 2.75 ya kodi ya uzalishaji kwa jamii za maeneo yenye rasilimali. Hata hivyo, asilimia hiyo ni mgao; haimpi mkazi nafasi ya kuuliza jinsi jumla ilivyohesabiwa.

7. Hitimisho

Mifano iliyochunguzwa inampa mshauri wa sera mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, mpangilio wa wakati ni sehemu ya mkataba. Tanzania na Zambia ziliweka kiasi cha mkopo mwishoni, baada ya kanuni nyingine. Msumbiji ilipokea dola milioni 400 miaka kumi kabla ya kuandika sheria ya mfuko. Pili, kanuni ya urithi wa viti ina nguvu kuliko idadi ya viti. Hangzhou mwaka 1929 inaonesha kwamba serikali mpya inaweza kupewa heshima yake bila kupewa ufunguo, mradi utaratibu wa kujaza nafasi umeandikwa kabla ya mgogoro. Tatu, fedha zipitishwe mahali ambapo mwenyeji anaziona. Mkopo wa bidhaa ulikuwa na kero zake, lakini uliziweka fedha za ndani katika vitabu vya wenyeji kabla hazijatumika. Nne, kanuni za kupokea zisipofuatana na kanuni za kutunza, mali hurudi mikononi mwa aliyeijenga.

Kwa Palma linaongezeka la tano. Katika mifano yote miwili, tahadhari ilikuwa ya serikali kwa serikali. Kibarua wa Mlimba, mnunuzi wa dukani na mwanafunzi aliyengoja miaka mitano hawakuwa na kiti. Msumbiji ina nafasi ya kufanya vizuri zaidi kwa gharama ndogo: taarifa za ukaguzi wa Eneo la 4 na za Mfuko zisomwe hadharani wilayani kila mwaka, kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili pamoja na Kireno, na kamati ya usimamizi iwajibike kujibu maswali yatakayotolewa huko. China haina sababu ya kulipinga hilo. Nchi iliyodai miaka mingi kuonyeshwa hesabu za forodha yake inalielewa dai hilo kuliko wengi, na mjumbe wa Msumbiji anaweza kumkumbusha mwenzake wa Beijing historia hiyo kwa upole, mezani, kabla kalamu haijashikwa.